Ushuru wa bandari na vita vya wenyewe kwa wenyewe China, 1853–1930

Simulizi nyingi kuhusu mataifa ya kigeni na vita vya ndani vya China huanza na kasumba na mizinga, kisha zinaruka hadi kwa Mao. Katikati panapotea kitu ambacho, kwa maoni yangu, kinaeleza mengi kuliko vita vyenyewe: ofisi ya forodha. Kwa karibu miaka 80, swali zito kwa Wachina waliokuwa wakipigana lilikuwa hili: ushuru unaolipwa Shanghai, Guangzhou na Tianjin unaishia mkononi mwa nani? Mabalozi walitangaza kwamba hawaegemei upande wowote, na baadhi yao naamini walimaanisha. Lakini aliyeshika fedha zinazogombewa na pande mbili hana namna ya kukosa upande. Akilipa ameegemea, akizuia ameegemea vilevile.

Tuanze na utaratibu, maana bila huo mengine hayaeleweki. Mkataba wa Nanjing wa Agosti 1842, uliomaliza vita vya kasumba kati ya Uingereza na China, ulifungua bandari 5: Guangzhou, Xiamen, Fuzhou, Ningbo na Shanghai. Viwango vya ushuru vilivyopangwa mwaka uliofuata vilikuwa takriban asilimia 5 ya thamani ya bidhaa, na China haikuwa na ruhusa ya kuvibadilisha peke yake. Meli ikitia nanga, nahodha alikabidhi hati zake kwa konseli (balozi mdogo) wa taifa lake, naye konseli akaiarifu forodha. Bidhaa zilikaguliwa, mfanyabiashara akalipa fedha kwenye benki ya Kichina iliyoteuliwa, akapewa stakabadhi. Kwa stakabadhi hiyo alipata kibali cha forodha, na konseli alirudisha hati za meli baada ya kukiona kibali. Kwa hiyo konseli wa kigeni alikuwa sehemu ya mnyororo wa kukusanya kodi ya mfalme wa China.

Jambo la pili ni kipengele cha taifa linalopendelewa zaidi. Uingereza ilikipata mwaka 1843, Marekani na Ufaransa mwaka 1844. Maana yake ni kwamba nafuu yoyote anayopewa mmoja wanaipata wote. Ndiyo sababu mahasimu hawa, waliochukiana kwa mengi, walijikuta wakisimama pamoja kila mara ushuru ulipoguswa.

Shanghai, Septemba 1853

Mwezi Machi 1853 waasi wa Taiping wakiongozwa na Hong Xiuquan, waliotaka kuiangusha nasaba ya Qing iliyoitawala China, waliiteka Nanjing na kuifanya mji mkuu wao. Tarehe 7 Septemba kundi jingine, chama cha siri cha Visu Vidogo chini ya Liu Lichuan, likauteka mji wa Shanghai wenye kuta. Wu Jianzhang, ofisa wa Qing aliyesimamia mji na forodha, alitiwa mbaroni, kisha akatoroka kwa msaada wa Wamarekani. Jengo la forodha, ambalo lilikuwa ukingoni mwa mto ndani ya eneo la wageni, liliporwa.

Angalia mnyororo ulipokatika. Meli zimejaa chai na hariri, zinataka kuondoka. Hakuna ofisa wa kupokea ushuru, hivyo hakuna stakabadhi, hakuna kibali, na konseli hana haki ya kurudisha hati. Konseli wa Uingereza, Rutherford Alcock, akishirikiana na Wamarekani, alibuni njia ya muda: wafanyabiashara waandike hati za ahadi ya kulipa, ziwekwe kwa konseli, meli ziende. Njia hiyo iliharibika haraka. Mataifa ambayo konseli wao alikuwa mfanyabiashara mwenyewe yaliziachia meli zake bila ahadi yoyote. Waingereza na Wamarekani wakaanza kulalamika kwamba uaminifu wao unawatia hasara mbele ya washindani. Wu naye alijaribu kufungua forodha juu ya maji, ndani ya meli zilizotia nanga mtoni Huangpu. Wageni wakakataa kuitambua. Fedha nyingi za zile hati za ahadi hazikuwahi kuifikia hazina ya Qing.

Suluhisho lilipatikana kwa makubaliano ya Juni 1854, na tarehe 12 Julai forodha mpya ikafunguliwa. Iliongozwa na wakaguzi watatu: Thomas Wade kwa Uingereza, Lewis Carr kwa Marekani na Arthur Smith kwa Ufaransa. Wageni walikagua na kukadiria ushuru. Fedha zilipokelewa na Wachina. Mwanzoni ilionekana hatua ya dharura ya bandari moja. Ilikuja kuwa idara ya China nzima, ikiongozwa kwanza na Horatio Nelson Lay, kisha, kuanzia 1863, na Robert Hart, na ikadumu hadi karne ya 20.

Wengi hupita hapa bila kuona kilichotokea. Liu Lichuan alikuwa ameushika mji, lakini ushuru wa bandari ulikwenda kwa Qing, waliokuwa nje ya kuta wakimzingira. Konseli hakumpiga risasi hata mmoja wa waasi. Alihakikisha tu kwamba adui yao anapata fedha za kununulia baruti. Wafaransa ndio waliokwenda mbali zaidi, wakaingia vitani upande wa Qing, na mji ukaangukia mikononi mwa Qing Februari 1855.

Majuma mawili ya Agosti 1860

Sijui mfano unaoonyesha utata wa siasa hizi vizuri kuliko huu. Mwaka 1860 Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani na Qing kwa sababu ya mkataba wa Tianjin wa 1858. Tarehe 21 Agosti majeshi yao yaliziteka ngome za Dagu, mlango wa kuelekea Beijing. Siku hizohizo, kuanzia tarehe 18, jenerali wa Taiping Li Xiucheng alifika mbele ya Shanghai na kukuta kuta zinalindwa na Waingereza na Wafaransa, waliomfyatulia mizinga hadi akarudi nyuma. Kaskazini wanaivunja Qing, kusini wanailindia bandari yake yenye mapato makubwa kuliko zote.

Hakuna ukinzani hapo ukisoma mikataba yenyewe. Mkataba wa Tianjin uliahidi kufungua mto Yangzi hadi Hankou, lakini ulisema wazi kwamba, isipokuwa Zhenjiang, bandari za mtoni zingengoja mpaka amani irudi kwenye bonde hilo. Biashara ya Waingereza ikawa imefungwa kwenye kushindwa kwa waasi. Kanuni za ushuru za Novemba 1858 zilihalalisha kasumba kwa ushuru wa taeli 30 (taeli ni kipimo cha uzito wa madini ya fedha) kwa kila pikuli, yaani takriban kilo 60. Taiping walikuwa wameipiga marufuku. Halafu, Oktoba 1860, mikataba ya Beijing iliitoza Qing fidia ya taeli milioni 8 kwa Uingereza na milioni 8 kwa Ufaransa. Fidia hiyo ilipangwa kulipwa kutoka forodhani: sehemu moja ya tano ya mapato ya kila bandari kwa Uingereza, na sehemu nyingine kama hiyo kwa Ufaransa.

Hesabu ni rahisi: asilimia 40 ya mapato ya kila bandari ilikuwa ya washindi wa vita. Kila bandari iliyotekwa na Taiping ilipunguza malipo ya London na Paris. Waswahili tunasema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Lakini hapa kunguru walihitaji panzi mmoja abaki hai, amalize deni.

Kuanzia hapo kutoegemea upande kulimomonyoka hatua kwa hatua. Taiping waliiteka Ningbo Desemba 1861. Mei 1862 manowari za Uingereza na Ufaransa zilisaidia kuirudisha. Mmarekani Frederick Townsend Ward aliunda jeshi la kukodiwa karibu na Shanghai, lililokuja kuitwa Jeshi la Ushindi wa Daima. Ward aliuawa Septemba 1862, na Machi 1863 serikali ya Uingereza ikaruhusu ofisa wake, Charles Gordon, alichukue. Wafaransa hawakutaka kuachwa nyuma, wakaunda kikosi chao mkoani Zhejiang. Desemba 1863 viongozi wa Taiping waliokuwa wakiishika Suzhou walisalimu amri, na Li Hongzhang, gavana wa Qing, akaamuru wauawe. Gordon alikasirika sana, akakaa kando kwa muda, kisha akarudi vitani.

Hata hivyo Qing hawakuwa vibaraka, na jambo hili linasahauliwa mno. Lay alinunua manowari kadhaa Uingereza kwa fedha za Qing na kumweka Sherard Osborn kuwa kamanda, kwa sharti kwamba Osborn atapokea amri za mfalme kupitia kwa Lay pekee. Zilipofika mwaka 1863, Mwanamfalme Gong, aliyeongoza mambo ya nje ya Qing, na magavana wa mikoa walikataa katakata: jeshi la majini linalolipwa na China liitii China. Meli zikarudishwa, Lay akafukuzwa, na hapo ndipo Hart alipopanda cheo. Nanjing ilianguka Julai 1864 mikononi mwa majeshi ya Zeng Guofan, jenerali wa Qing, si ya Gordon.

Fedha zinahamia benki za kigeni

Mpaka 1911 wageni walikadiria ushuru tu. Fedha zenyewe zilikaa kwa Wachina. Mabadiliko makubwa yalikuja kimya baada ya mapinduzi yaliyoanza Wuchang tarehe 10 Oktoba mwaka huo na kuiangusha Qing. Mikoa ilikuwa ikijitenga mmoja baada ya mwingine. Forodha ilikuwa imewekwa dhamana ya mikopo iliyochukuliwa kulipa fidia ya vita na Japani, ikiwemo mikopo ya Waingereza na Wajerumani ya 1896 na 1898, pauni milioni 16 kila mmoja. Juu yake kulikuwa na fidia ya 1901, ya uasi wa Mabondia, ya taeli milioni 450, ya kulipwa kwa miaka 39 kwa riba ya asilimia 4. Wadai waliogopa kila mkoa ungejichukulia fedha zake.

Francis Aglen, mrithi wa Hart, aliwaagiza wakuu wa bandari wapokee fedha wenyewe. Kwa makubaliano ya Januari 1912 zikawekwa Shanghai katika benki 3: Hongkong and Shanghai Bank, Deutsch-Asiatische Bank na Russo-Asiatic Bank. Kwanza walipwe wadai wa kigeni; kitakachobaki kitolewe kwa serikali inayotambuliwa, na mabalozi mjini Beijing walidai kwamba lazima waridhie. Hicho kinachobaki, ziada ya forodha, ndicho kilichogombewa miaka 15 iliyofuata.

Mkopo wa Aprili 1913 ulifuata mantiki hiyohiyo. Benki za Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na Japani zilimkopesha Yuan Shikai, rais wa jamhuri mpya, pauni milioni 25 kwa riba ya asilimia 5. Marekani ilikuwa imejitoa mwezi mmoja kabla. Kwa kila pauni 100 za hati, China ilipokea 84. Bunge halikuuridhia, na mwezi uliotangulia kiongozi wa chama kilichoshinda uchaguzi, Song Jiaoren, alikuwa amepigwa risasi kituo cha treni Shanghai. Majira ya joto mikoa ya kusini iliasi. Yuan alikuwa na fedha za kulipa askari, waasi hawakuwa nazo. Mabenki hayakuhitaji kutangaza upande.

Kisha mashindano yakawa wazi. Mwaka 1917 na 1918, wakati Ulaya imeshikwa na vita, Japani ilimpa Duan Qirui, waziri mkuu wa serikali ya Beijing, mikopo ya Nishihara ya yeni milioni 145. Mei 1919 mataifa kadhaa yalikubaliana kutouza silaha China mpaka ipatikane serikali moja. Marufuku hiyo ilivuja pande zote: Urusi ya Kisovieti na Ujerumani hazikuwa ndani yake, viwanda vya Hanyang na Shenyang viliendelea kutengeneza bunduki, na ndege kubwa za kampuni ya Vickers zilizouzwa 1919 kama za biashara zilihesabiwa kuwa halali kisha zikaishia jeshini.

Guangzhou, Desemba 1923

Wakati wa vita vya Ulaya bei ya madini ya fedha ilipanda. Madeni ya China yalikuwa ya dhahabu, ushuru ulilipwa kwa madini hayo ya fedha, hivyo deni likawa jepesi na ziada ikaanza kuonekana. Mwaka 1919 ilikubaliwa kwamba serikali ya kusini iliyokuwa Guangzhou, iliyojitenga na Beijing, ipate asilimia 13.7 ya ziada hiyo. Viongozi wa kusini walipogombana wao kwa wao mwaka 1920, malipo yakakatwa.

Sun Yat-sen, kiongozi wa wanamapinduzi wa kusini, aliporudi madarakani Guangzhou mwaka 1923 alidai sehemu hiyo pamoja na malimbikizo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ushuru wa Guangzhou unapelekwa Beijing, na Beijing inautumia kulipa majeshi yanayokuja kumpiga yeye. Mabalozi walijibu kwamba ziada ni ya serikali inayotambuliwa, na kwamba akipewa mmoja, kila mbabe wa kivita mwenye bandari atadai. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Tangu 1921 sehemu kubwa ya ziada ilikuwa dhamana ya hati za mikopo ya ndani, ambazo wenyewe walikuwa mabenki ya Kichina ya Shanghai na Beijing. Nao hawakutaka Sun aiguse.

Lakini tazama ni serikali gani iliyokuwa ikitambuliwa. Oktoba mwaka huohuo Cao Kun alikuwa amenunua urais kwa kuwahonga wabunge, na bei iliyotajwa sana ilikuwa dola 5,000 za fedha kwa kura. Amri zake hazikufika mbali na Beijing. Huyo ndiye aliyelindwa kwa jina la uhalali. Sun alipotishia kuichukua forodha, manowari zaidi ya 10 za Uingereza, Marekani, Ufaransa, Japani na nyinginezo zilijipanga mtoni mbele ya mji wake. Hakuichukua.

Nadhani hili lilikuwa kosa kubwa kuliko yote waliyofanya wageni katika kipindi hiki. Mikhail Borodin, mshauri wa Kisovieti, alikuwa ameshafika Guangzhou mwezi Oktoba. Hakuhitaji kumshawishi mtu kwa maneno mengi. Dirisha la ofisi lilitosha, manowari zilikuwa zinaonekana. Mwaka uliofuata kilifunguliwa chuo cha kijeshi cha Huangpu (Whampoa), karibu na Guangzhou, kwa fedha na silaha za Moscow. Sun alikuwa ameomba msaada kwa Waingereza na Wamarekani kabla ya hapo, akakataliwa.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Risasi za polisi wa eneo la kimataifa Shanghai tarehe 30 Mei 1925 zilizaa mgomo wa Guangzhou na Hong Kong uliodumu hadi Oktoba 1926. Mkutano wa ushuru ulioahidiwa kwenye mkutano wa mataifa wa Washington mwaka 1922 ulifunguliwa Beijing Oktoba 1925, ukasambaratika bila kitu kwa sababu serikali iliyouitisha iliondolewa na vita. Oktoba 1926 Guangzhou iliacha kuomba: ilianza kutoza nyongeza ya asilimia 2.5, na 5 kwa bidhaa za anasa, kupitia ofisi zake yenyewe, bila kuigusa forodha. Mbinu hiyo ilikuwa ya busara mno. Madeni ya wageni hayakuguswa, hivyo manowari hazikuwa na kisingizio. Desemba Uingereza ilipendekeza nyongeza hizo zikubaliwe kote. Beijing nayo ikazitaka. Aglen alikataa kuzikusanya, na mwisho wa Januari 1927 akafukuzwa kazi. Marekani ilitambua haki ya China kujipangia ushuru Julai 1928, Uingereza Desemba, Japani mwaka 1930. Viwango vipya vilianza tarehe 1 Februari 1929.

Ukitaka kupima tofauti, linganisha Guangzhou na Tianjin. Juni 1930 Yan Xishan, mbabe wa kivita wa Shanxi, akiwa vitani na Chiang Kai-shek, mrithi wa Sun aliyeongoza serikali mpya ya Nanjing, alifanya hasa kile Sun alichotishia: aliinyakua forodha ya Tianjin na kumweka Mwingereza, Bertram Lenox Simpson, aiongoze. Hakuna manowari zilizopangwa. Nanjing ilijibu kwa njia ya kiofisi: Inspekta Mkuu Frederick Maze aliifunga Tianjin kwenye vitabu vyake, na bidhaa zilizolipiwa ushuru huko zikadaiwa tena katika bandari nyingine. Mwenye mzigo akawa analipa mara mbili. Septemba Zhang Xueliang, mtawala wa Manchuria, alishuka kutoka Shenyang upande wa Chiang na kuichukua Tianjin. Simpson alipigwa risasi na watu wasiojulikana na kufariki Novemba, na forodha ikarudi chini ya Maze, safari hii kwa amri ya serikali ya Kichina.